Mikono Chora, Sura Niachie

Dar es Salaam
9 Februari 2025

Bibi yangu Bi Mize,

Assalamu alaykum. Mimi Alhamdulillahi mzima, ninakula, ninalala, na yale mafua niliyotoka nayo Pemba yaliniacha nilipovuka tu. Nataka kujua ya kwako. Magoti yanakubali kukunja wakati wa kuswali? Na masikio je? Zulekha aliniambia kwamba siku hizi hata adhana unaisikia nusu nusu, na simu ukiwekewa sikioni unajibu "hewala, hewala" kwa kila neno, hata aliyepiga akiwa amekosea namba. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye barua sina haja ya kupiga kelele.

Jambo lenyewe ni hili. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya sanaa, na kila mwanafunzi lazima atengeneze kazi moja kubwa aionyeshe mbele ya walimu tarehe 3 Julai. Asiyeonyesha hahitimu. Mimi nimechagua kutengeneza katuni fupi, zile picha za kuchora zinazotembea. Nachora kwa mkaa kwenye karatasi moja kubwa, napiga picha, nafuta kidogo, nachora tena mkono ukiwa umesogea upana wa punje ya mchele, napiga picha tena. Sekunde moja tu inataka picha kumi na mbili. Zikipitishwa haraka, mkono unakwenda wenyewe.

Mkono nautaka wako, Bibi. Katuni tatu, kila moja chini ya dakika: unasuka ukili wa mkeka, unakuna nazi, unampa mgeni kahawa. Wenzangu wanachora majoka na magari yanayoruka. Mimi nikifumba macho naiona mikono yako tu, nifanye nini?

Nilianza kidogo, nikasita. Najua tulivyofundishwa Kurani kwa Bi Yumna, na nayakumbuka maneno yake kuhusu kuchora kilicho na roho. Sitaki kufanya jambo likaja kukukaa moyoni. Niambie ndiyo au hapana. Barua hii anakuja nayo jirani yetu Haroub, amemaliza kununua nguo zake Kariakoo.

Mumeo mdogo,
mjukuu wako Hudhaifa


Wesha
23 Februari 2025

Mume wangu Hudhaifa,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Magoti kukunja yanakunja, kukunjuka ndiko hayataki. Masikio yapumzike, yamesikia mengi. Zulekha dada yako hajambo, anakusalimu, na anasema uirudishe kanga yake uliyoondoka nayo.

Naandika kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofunzwa utotoni. Ukishindwa kusoma aibu ni yako, kwa sababu alifu na be nilikufundisha mimi hapa barazani kwa kijiti. Mistari ikienda upogo usinicheke.

Umenichekesha, na umenifurahisha pia, sifichi. Dar es Salaam nzima imejaa wasichana wazuri, wewe unachora kikongwe cha Wesha! Lakini umeuliza, basi nakujibu. Mimi si shehe. Waliosoma wanatofautiana, na mimi sina elimu ya kuwaamua. Ninachojua ni moyo wangu unavyoniambia: mikono chora, sura niachie. Sura yangu aliyeiumba yupo, hahitaji msaidizi.

Na sharti la pili. Mtu yeyote asiione kazi hiyo huko ukumbini kwenu mpaka niione mimi kwanza, nikuambie kwa maneno yangu kwamba nimeridhika. Mikono hii imelea watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Sitaki ikaonekane ya ovyo mbele ya walimu wako.

Kahawa uichore kwa makini. Babu yako Ngwali, aliyefariki wewe hujazaliwa, aliuza kahawa mjini Chake miaka ishirini na minane, na kumimina amenifunza yeye. Nyumba inajulikana kwa inavyompa mgeni kikombe.

Nimesikia unachora kwa mkaa. Kwa nini hukusema mapema kuwa huna makaa? Nimempa Haroub gunia, nusu polo, makaa mazuri yasiyo na vumbi, na bati la vileja.

Mkeo mkongwe,
Bibi


Dar es Salaam
6 Aprili 2025

Bibi yangu,

Assalamu alaykum, na Idi Mubarak. Mola atupokelee funga zetu. Natumai sikukuu imekukuta na afya, na kwamba Zulekha hakukuachia wewe kazi ya kukaanga.

Makaa yalifika salama. Mkaa wa kuchorea ni vijiti vyembamba, Bibi, hununuliwa dukani kama kalamu. Lakini wema wako haukupotea. Nyumba nzima tunayopanga imepikia futari makaa yako mwezi mzima, na vijana wa bara wanakuombea dua bila ya kukujua. Vileja sitasema vilikwisha lini.

Ukili umekwisha, picha mia tano na ishirini. Vidole vyako vinapita juu, vinapita chini, ukili unarefuka mpaka unatoka nje ya karatasi. Nazi nayo imekwisha. Sasa nipo kwenye kahawa. Kwa kuwa wewe hupo, imebidi mimi niwe wewe. Ninajifunga kanga ya Zulekha (mwambie itarudi), ninakaa chini, ninaiegesha simu mbele yangu upande ule ambao mtu anajiona kama kwenye kioo, na ninajirekodi nikimimina unavyomimina wewe. Kisha ninachora kwa kutazama video hiyo. Juzi Usama, ninayekaa naye chumba kimoja, aliingia akanikuta na kanga, nimenyoosha kikombe hewani, nasema "karibu, karibu." Akafunga mlango polepole akaenda zake. Mpaka leo ananiangalia kwa huruma.

Bibi, nina swali. Barua yako ilikuwa kurasa sita. Zamani maneno hayo ungeyaeneza kwenye ukurasa mmoja na nusu. Herufi zako zimekuwa kubwa kama maboga, na mistari miwili imepandiana. Ni kalamu tu, au kuna jambo?

Mumeo mdogo,
Hudhaifa


Wesha
25 Aprili 2025

Mume wangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima.

Ni kalamu.

Maliza katuni ulete. Herufi zangu ziache.

Bibi


Dar es Salaam
18 Mei 2025

Bibi yangu mwenye kalamu mbovu,

Assalamu alaykum. Mimi mzima ila vidole vyangu vyeusi, navisugua kwa limau na havitakati. Magoti je?

Imekwisha! Zote tatu nimezituma leo kwenye simu ya Zulekha, nimemwambia akukalishe kivulini, mwangaza uwe nyuma yako, usione kioo cha simu kinang'aa. Sura sikuchora. Katika ukili unaonekana mabega na mikono. Katika nazi ni mikono na mbuzi ya kukunia. Katika kahawa umekaa chini ya ukuta wa ukumbi wako, ile Bismillahi iliyotundikwa nimeiandika kwa mkono wangu herufi kwa herufi, na ushungi umeanguka mbele kidogo, uso haupo.

Utaona kwamba hazina sauti hata moja. Walimu walishangaa nilipowaambia, wenzangu wametia ngoma na upepo. Mimi nimekusudia. Nilitaka kitu ambacho wewe utakipata chote, kisikupite hata kidogo kwa sababu ya masikio.

Sasa nasubiri neno lako. Bado mwezi na nusu, tuna nafasi.

Mumeo mdogo,
Hudhaifa


Dar es Salaam
9 Juni 2025

Bibi yangu,

Assalamu alaykum, na Idi njema ya kuchinja. Mimi mwili mzima.

Leo siku ya ishirini na mbili tangu nitume katuni, na sijapata neno. Nikimpigia Zulekha ananiambia, "Bibi kakwambia subiri," na nikimuuliza nisubiri nini, mtandao unakatika ghafla, na mimi najua mtandao wa Wesha haukatiki hivyo. Haroub amekuja na kurudi bila ya barua. Amesema alipokupitia uliinama ukamwambia, "Hino safari sina la kuandika."

Umekasirika? Kama umekasirika niambie, nitaumia kidogo kuliko ninavyoumia sasa. Usiku na mchana nawaza. Labda ulipoiona ikitembea ndipo ulipogundua kwamba ulikubali jambo usilolitaka. Labda ni mimi niliyekuomba vibaya, kwa sababu mjukuu akiomba bibi atakataa vipi.

Mwalimu wangu, Mwalimu Ridha, nilimweleza. Ni mtu mwema, akasema, "Wewe onyesha. Bibi yako yupo Pemba, atajuaje?" Nilimjibu kwamba nitajua mimi. Akaniambia basi kama tarehe 3 sina cha kuonyesha, nirudie mwaka. Nimekubali. Bibi, sikuandikii haya kukubana. Nakuandikia ujue kwamba bila ya radhi yako sitoi hata picha moja, na ukisema nifute, nitafuta zote tatu na bado nitakuwa mumeo.

Ila sema.

Hudhaifa


Wesha
21 Juni 2025

Mume wangu Hudhaifa,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza tazama barua hii kabla ya kuisoma. Zihesabu herufi zilivyo ndogo. Tazama mistari ilivyonyooka. Kalamu ni ileile.

Nisamehe mume wangu. Barua yako ya mwisho alinisomea Zulekha kwa kunipigia kelele sikioni, mimi mwenyewe nilikuwa siwezi, na alipofika kwenye kufuta nililia. Wewe unadhani bibi amekasirika, kumbe bibi alikuwa haoni. Tangu karafuu za mwaka jana macho yangu yameingia utando, mtoto wa jicho, mimi nikaficha. Ukili nilisuka kwa kupapasa. Uzi nilimpa Zulekha atunge, nikisema mikono imechoka. Barua zako nilizisoma kwa kuzigusisha na pua. Nilijua dawa yake ni kupasuliwa, na mimi kisu cha jichoni nilikiogopa kuliko kaburi.

Siku ile Zulekha aliniletea simu. Akanikalisha kivulini kama ulivyoagiza. "Bibi, hwoni? Mikono yako hino!" Nikatazama. Niliona ukungu wa maziwa na kitu cheusi kinatikisika. Nikasema mashaallah, kizuri. Halafu akaniambia kwamba hukutia sauti, kwa ajili yangu, ili kisinipite hata kidogo. Hapo niliona haya, Hudhaifa. Mtoto amechora miezi mitatu nipate kuona, na mimi nakaa nikidanganya kwamba naona. Ningekuandikia nimeridhika na nini?

Basi nikamwambia dada yako, "Miye kesho nipeleke Chake." Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali. Foleni siku ya kwanza, vipimo siku ya pili, tarehe nikapewa baada ya Idi. Nilimkataza Zulekha asikuambie, ungekuja mbio ukaacha kazi. Jicho la kulia wamelisafisha. Kisu sikukisikia! Mwaka mzima nimeogopa kitu kisichouma. Juzi wamenitoa bendeji ya mwisho, na kitu cha kwanza nilichokitazama baada ya uso wa Zulekha ni katuni zako.

Ukili umenitoa machozi. Hata lile kovu la kidole cha shahada umelikumbuka. Nazi nimecheka, kwa sababu umenipa mikono ya mtu mwenye haraka, nami kweli nina haraka.

Sasa kahawa. Hudhaifa! Umekula kwangu miaka kumi na minane, umenywa kwangu, umepokea wageni kwangu. Lile birika la kahawa, dele, nimelishika mkono wa kulia, na mgeni nimempa kikombe kwa mkono wa KUSHOTO! Nilimuuliza Zulekha kama jicho jipya limetiwa kinyume. Babu yako angefufuka kwa aibu. Dele kushoto, kikombe kulia, ndivyo mgeni anavyopewa tangu dunia iwe dunia. Kushoto kuna kazi zake, unazijua.

Picha hiyo sijaridhika nayo. Mbili za mwanzo nimeridhika, na radhi yangu unayo. Ya tatu rekebisha, nionyeshe.

Zulekha anaipiga picha barua hii akutumie leo leo, maana Haroub hasafiri mpaka mwezi ujao.

Mkeo mwenye jicho moja kali,
Bibi Mize


Dar es Salaam
22 Juni 2025

Bibi yangu mwenye jicho,

Assalamu alaykum. Nimesoma nimekaa, nikasimama, nikasoma tena, nikamkumbatia Usama ambaye hajui hata kilichotokea. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira zako, sikujitayarisha kwa jicho lako. Nina furaha mpaka nimeshindwa kula. Ungeniambia, lakini! Tutagombana nikija.

Kushoto ni makosa yangu, na nimekwisha kujua yametoka wapi. Ile simu. Upande wake wa kujitazama unageuza kulia kuwa kushoto kama kioo, nami nikachora nilichokiona. Mimi, Mpemba, mjukuu wa Ngwali muuza kahawa! Usama ameniona nikiichora kila siku na hakugundua. Imebidi wewe utoke na jicho lenye siku mbili.

Nilidhani nitaipata kwa urahisi, kompyuta inaweza kugeuza picha yote mara moja. Nikageuza. Kikombe kikaenda kulia, na Bismillahi iliyo ukutani ikasomeka kinyumenyume. Niliifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu. Na kwa kuwa ninachora na kufuta kwenye karatasi ileile, hakuna mchoro uliobaki wa kurekebisha. Lazima nianze upya, picha mia nne na themanini, kwa siku nane. Sitini kila siku.

Usama amekubali kujifunga kanga na kuwa wewe, mimi nimrekodi kwa mbele kama watu wenye akili. Niombee.

Mumeo mwenye mkono wa kulia,
Hudhaifa


Wesha
1 Julai 2025

Mume wangu,

Waalaykum salaam. Nimeitazama mara nne. Dele kushoto, kikombe kulia, Bismillahi inasomeka.

Nimeridhika. Waonyeshe watu. Kisha kalale.

Bibi


Dar es Salaam
4 Julai 2025

Bibi yangu,

Assalamu alaykum. Mimi mzima kabisa, nimelala saa kumi na moja mfululizo, Usama alikuja kunigusa kama napumua. Jicho la pili litafanyiwa lini? Usifiche tena.

Nimefaulu, Bibi. Nimefaulu!

Niliitwa wa tatu. Taa zikazimwa, na mikono yako ikatokea ukutani, mikubwa kuliko mlango. Hakuna sauti. Mwanzo watu walikohoa, wakidhani spika zimeharibika, kisha wakatulia. Mtahini mmoja aliuliza mbona uso hauonekani, nikamjibu kwamba uso ni wake mwenyewe, sikupewa. Akaandika kitu, akatabasamu.

Lakini nitakuambia lililonifurahisha kuliko maksi. Mlangoni alisimama mlinzi wa ukumbi, Mzee Jaribu, mtu wa Micheweni aliyehamia huku zamani. Ilipofika kahawa, pale unapokinyoosha kikombe kuelekea kwa watazamaji, nilimwona anainua mkono wake wa kulia kupokea. Akaushusha kwa haya, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Baadaye akanifuata nje. "Bibi yuno wa kwetu," akasema. "N'mejua kwa kikombe." Fikiria, Bibi, kama kingekuwa kushoto.

Narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kanga ya Zulekha imejaa mkaa, mwambie nitamnunulia doti nzima.

Mumeo msomi,
Hudhaifa


Wesha
19 Julai 2025

Mume wangu msomi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na hongera. Nimesujudu kwa shukrani, na magoti yamekubali kunyanyuka bila ya kushikwa. Jicho la pili ni mwezi wa tisa, siogopi tena.

Hapa sina raha kwa wageni. Mtaa mzima umekuja kutazama kwenye simu ya Zulekha, watoto wananiita Bibi Katuni, na jana Bi Yumna mwenyewe, mwalimu wako wa Kurani, alikuja na miwani yake. Nilikaa wima kama mimi ndiye mwanafunzi. Akatazama zote tatu. Mwisho akasema, "Sura kaiacha. Mtoto msikivu." Akaomba kahawa, nikampa, naye akautazama mkono wangu.

Nina ombi, na usilijibu upesi, lifikirie njiani. Babu yako Ngwali hakupigwa picha hata moja. Kila alipoiona kamera alijificha nyuma ya watu. Umri umekwenda, na mimi nimeona kwamba macho yanaweza kuingia ukungu, basi na kumbukumbu nazo zaweza. Akitembea Chake mchana, dele kalining'iniza mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ana vikombe viwili, anavigonganisha kwa vidole, kimoja juu ya kingine, mtaa mzima unajua Ngwali anapita. Kidole gumba alikuwa nacho kipana, ukucha umepasuka katikati. Kidole cha mwisho hakikukunjika vizuri, alikiacha kimesimama. Ukija nitakuonyesha kwa mkono wangu, nawe utarekodi, kwa mbele.

Nichoree mkono huo, uende. Sura usitie. Na mlio wa vikombe usitie pia. Sura na mlio ninavyo mwenyewe.

Mkeo kwa utani, mke wa Ngwali kwa kweli,
Bibi Mize